Hazina ya Nyumba: Saluni ya Fahari Ipimwe kwa Uaminifu Wake

Juma hili ukumbi wetu unatoka jikoni na kwenda uani, kutazama jambo ambalo limekuwa gumzo katika makambi na vituo vya polisi: ununuzi wa motokaa. Wala si motokaa yoyote, bali zile saluni za fahari zenye milango minne, viti vya ngozi, umbo la chini, na injini ambayo dereva akiigusa kidogo hujibu kwa nguvu. Tangu Machi 2007, askari wetu walipoanza kupelekwa Mogadishu, familia nyingi zimepata kwa mara ya kwanza fungu la fedha linaloweza kununua kitu kikubwa kwa mkupuo mmoja. Kitu hicho kikubwa kiwe nini? Hapo ndipo mazungumzo ya nyumbani hugeuka kuwa mabishano.

Tumepokea barua ya sajini mmoja aliyerejea kutoka huko. Anasema amejiwekea akiba, na moyo wake umeangukia BMW ya mfululizo wa 3. Chini ya barua hiyo, kwa wino wa rangi nyingine, mkewe ameongeza mstari wake, akiuliza kama gari hilo litakuwa bado linatembea wakati mtoto wao wa kwanza atakapoingia sekondari. Maswali hayo mawili yote ni halali. Mume anauliza lipi ni zuri. Mke anauliza lipi litadumu. Makala haya yatajaribu kuyajibu yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa hakuna atakayenunua jibu la swali moja akaliacha la pili gereji.

ASILI YA MAGARI HAYA

Si vibaya kujua kwanza gari la namna hii lilikotoka. Kampuni ya BMW ya Ujerumani ilionyesha saluni yake iitwayo 1500 katika maonyesho ya Frankfurt mwaka 1961, ikaanza kuiuza mwaka 1962. Wazo lake lilikuwa jepesi kueleza: mtu mwenye familia apate gari la milango minne, lakini akikaa kwenye usukani ajione kama anaendesha gari la mashindano. Mwaka 1975 ukaanza mfululizo wa 3. Mercedes-Benz nayo ikaleta saluni yake ndogo, 190, mwaka 1982, ambayo ndiyo mzazi wa magari ya daraja la C tuyaonayo leo. Audi ikafuata njia hiyo kwa A4.

Wajapani hawakukaa kutazama. Toyota ilizindua jina la Lexus mwaka 1989 kwa soko la Marekani. Mwaka 1998 ikatoa nchini Japani saluni iliyoitwa Altezza, ambayo katika nchi nyingine iliitwa Lexus IS. Jina la Lexus lenyewe lilianza kutumika Japani mwaka 2005, na IS 250 tunayoiona barabarani ni ya kizazi kilichoanza mwaka huo. Ndugu yake wa karibu ni Toyota Mark X, iliyorithi mahali pa Mark II mwaka 2004 na kuacha kutengenezwa mwaka 2019.

Magari haya yote yana tabia inayofanana. Yamejengwa kwa barabara laini, petroli safi na fundi mwenye vyombo kamili. Yanapovuka bahari na kupandishwa kutoka Mombasa hadi Kampala, huja na uzuri wake wote, lakini ile barabara, ile petroli na yule fundi huachwa nyuma.

KWA NINI BEI YAKE HUVUTIA

Huko Japani motokaa mpya ya binafsi hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, na kuanzia hapo kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo na kodi zake una gharama, na gari linavyozidi kuzeeka ndivyo mwenyewe anavyoona afadhali aliuze. Gari la fahari la Kijerumani hushuka thamani upesi zaidi, maana Mjapani anayependa fahari hutaka jipya, na anayetaka la zamani huogopa gharama zake. Basi linafika mnadani, na kutoka mnadani linafika kwetu kwa bei inayokaribia ya saluni ya kawaida.

Sheria yetu ya mwaka 2018 imekataza kuingiza nchini gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Wenzetu wa Kenya wamejiwekea kikomo cha miaka 8. Kwa hiyo Mganda anaweza kununua gari lenye umri ambao jirani yake wa Nairobi hawezi kuliingiza tena. Hilo ni jema kwa mfuko siku ya kununua. Lakini mnunuzi akumbuke kwamba analipokea gari lililokwisha kula ujana wake mahali pengine.

Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mnunuzi amwulize muuzaji habari za huko ndani.

UAMINIFU WA GARI NI NINI?

Watu husema gari fulani ni la kuaminika kama wasemavyo kuhusu mtu. Lakini hata mtu humpima kwa mambo kadhaa. Gari nalo lipimwe kwa mambo matatu.

La kwanza, huharibika mara ngapi? La pili, likitaka kuharibika hutoa ishara mapema, au hukuacha ghafla njiani? La tatu, likiisha kuharibika, hurudi barabarani kwa muda gani na kwa fedha kiasi gani, hapa tulipo?

Mashirika ya ng'ambo hupima jambo la kwanza vizuri sana. Kampuni ya J.D. Power ya Marekani huwauliza wenye magari yaliyofikisha miaka 3, kisha huhesabu matatizo katika kila magari 100. Katika hesabu hizo Lexus imeshika nafasi ya kwanza mara nyingi. Chama cha wenye magari cha Ujerumani, ADAC, tangu mwaka 1978 hutoa takwimu za magari ambayo mafundi wake waliitwa kuyaokoa njiani. Taarifa hizo ni za maana, na msomaji asizidharau.

Hata hivyo, tusizitumie kuliko uwezo wake. Gari la miaka 3 lililotunzwa kwa wakala Marekani halina mambo mengi ya kutufundisha juu ya gari la miaka 12 litakalopita matuta na vumbi. Zaidi ya hayo, taarifa hizo hazisemi lolote juu ya lile jambo la tatu. Hazijui kama Kitgum yuko fundi mwenye kompyuta ya kusoma makosa ya gari lako, wala hazijui kipuri kitachukua majuma mangapi kufika. Jambo hilo la tatu, kwetu sisi, ndilo zito kuliko yote.

Namjua mtumishi mmoja aliyenunua saluni ya fahari, jina lake tuliache. Injini haikuwa na ubaya mkubwa. Kilichoharibika ni kipande kidogo cha umeme. Gari lilikaa chini ya mwembe miezi minne likingoja kipande hicho, na muda wote huo mwenyewe alikwenda kazini kwa bodaboda, huku mkopo wa gari ukikatwa katika mshahara wake kila mwezi. Ukilihesabu katika daftari la J.D. Power, hilo ni tatizo moja tu. Katika daftari la nyumba yake lilikuwa karo ya muhula mzima.

TUYATAZAME MOJA MOJA

BMW ya mfululizo wa 3, yaani ile yenye alama ya kiwanda E90, iliuzwa kuanzia mwaka 2005 hadi 2011 hivi. Kwa usukani na kukaa barabarani, ni vigumu kumpata mshindani wake. Lakini 320i yenye injini ya N46, silinda nne za lita 2, ina desturi ya kuvuja oili katika gasketi za kifuniko cha valvu na mahali pa kichujio. Raba zinazozuia oili kushuka kwenye valvu zikichoka, moshi wa buluu hutoka baada ya gari kusimama kwa muda na kuondoka tena. Zile za silinda sita zenye injini ya N52, kama 325i za miaka ya mwanzo, zina moyo imara zaidi. Ila pampu yake ya maji huendeshwa kwa umeme, na mara nyingi hufa baada ya kilomita 100,000 hivi bila kuaga. Injini ikichemka kwa kukosa maji, kichwa chake hupinda, na hapo hesabu huwa nyingine kabisa. Kwa yule anayeshawishiwa kununua E90 ya dizeli iliyotoka Uingereza, ajue kwamba injini ya N47 ya miaka ya 2007 hadi 2011 ina sifa mbaya ya cheni ya taimingi, nayo imewekwa upande wa nyuma wa injini, hata kuifikia ni lazima injini au giaboksi ishushwe.

Mercedes-Benz ya daraja la C, ile ya W204, ilianza mwaka 2007 na kuisha mwaka 2014. Bodi yake ni nzito, milango yake hufunga kwa heshima, na viti vyake havichoshi safarini. C 200 Kompressor ina injini ya M271 ya lita 1.8, yenye kompresa inayozungushwa na mkanda. Udhaifu wake unaojulikana ni cheni ya taimingi inayorefuka, na meno ya magurudumu yanayopanga valvu kulika. Ishara yake ni mlio wa kugongagonga kwa sekunde chache injini iwashwapo asubuhi ikiwa baridi. Udhaifu wa pili ni kufuli ya umeme ya usukani: siku moja unatia ufunguo, na gari halijibu kitu. Halitoi mlio wala taa. Huo ndio uharibifu usiotoa ishara tuliousema hapo juu.

Audi A4 ya kizazi kilichoanza mwishoni mwa mwaka 2007, yenye injini ya lita 2 na turbo, ilisumbua watu wengi kwa kula oili, hasa zilizotengenezwa kati ya mwaka 2009 na 2011, kwa sababu ya ringi za pistoni zisizozuia oili vya kutosha. Dawa yake kamili ni kuifungua injini. Kwa mfuko wa askari, gari hili naliweka mwisho wa safu.

Lexus IS 250, pamoja na Mark X ya lita 2.5, hutumia injini ile ile ya 4GR-FSE, yenye silinda sita. Cheni yake haina sifa mbaya, giaboksi yake ni ya kustahimili, na fundi aliyezoea Toyota kubwa haiogopi. Lakini tusiifanye malaika. Injini hii hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Katika injini za zamani petroli ilipita juu ya valvu na kuziosha. Katika hii valvu haziogeshwi, hivyo masizi hujijenga juu yake mwaka hadi mwaka. Dalili zake ni gari kutetemeka likiwa limesimama na injini inawaka. Husafishwa, lakini ni kazi ya kufungua na kufunga, nayo ina gharama. Tofauti yake na magonjwa tuliyokwisha kuyataja ni kwamba huu huja polepole, hutoa ishara, na kwa kawaida haukuachi porini usiku.

Tukiulinganisha urembo, Mark X haina jina la kutajwa harusini kama lile la Mjerumani. Lakini moyo wake na wa Lexus ni mmoja, na vipuri vyake vingi hupatikana pale pale zinapouzwa vya Toyota nyingine.

CHINI YA GARI NA MAGURUDUMU

Ndugu msomaji, chukua kipimo cha mstari tufanye hesabu kama darasani. Saluni hizi huja aghalabu na tairi za 225/45 za inchi 17. Namba 225 ni upana kwa milimita, na 45 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. Zidisha: utapata kama milimita 101, yaani sentimita 10. Saluni ya kawaida yenye tairi 195/65 ina ubavu wa milimita 127 hivi. Zile milimita 26 zilizopungua ndizo mto uliokuwa kati ya rimu na shimo la barabarani. Gari likiingia shimoni, kinachopokea pigo ni rimu, kisha bushi, kisha shokamzoba, na mwisho mfuko wako.

Nafasi kati ya tumbo la gari na ardhi nayo ni kama sentimita 14 au 15 tu. Kwa anayekaa Kampala na kutembea juu ya lami, si neno. Kwa anayehamishiwa kituo cha mbali, ambako masika hugeuza njia kuwa mfereji, ni kutafuta kutoboa sampu ya oili.

Tena BMW nyingi za aina hii ziliuzwa bila tairi la akiba. Zilipewa tairi ngumu zinazoweza kutembea hata zikitoboka, kiasi cha kilomita 80 kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Ni werevu mkubwa Ulaya, ambako kila baada ya mwendo mfupi kuna duka la tairi. Kwetu, kilomita 80 kutoka mahali pa upweke zaweza kukufikisha mahali pengine pa upweke.

KABLA YA KUTOA SHILINGI

Yafuatayo yafanywe na kila mnunuzi, awe na cheo chochote.

Omba karatasi ya mnada wa Japani. Karatasi hiyo hutoa alama kwa gari: 5 na 4.5 ni nzuri sana, 4 ni njema, 3.5 na 3 zaonyesha kuchakaa, na herufi R huashiria gari lililokarabatiwa baada ya ajali. Pia huandikwa kilomita zilizotembea. Zilinganishe na za dashibodi. Kilomita zikiwa zimepungua safarini kutoka Japani, ondoka hapo kwa adabu.

Fika asubuhi, injini ikiwa baridi. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Sikiliza sekunde 10 za mwanzo. Cheni iliyochoka husema wakati huo, kisha hunyamaza. Tazama moshi: wa buluu ni oili inayoungua, mweupe usiokoma, wenye harufu tamu, ni maji ya rejeta yanayoingia ndani, mweusi ni petroli iliyozidi. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona utando wa rangi ya maziwa upande wa ndani, uliza maswali zaidi.

Tia ufunguo bila kuwasha, uangalie taa za dashibodi. Taa ya injini iwake, kisha izimike baada ya injini kuwashwa. Ikiwa haikuwaka kabisa, usifurahi, maana huenda kuna aliyeifumba macho. Mlete fundi mwenye kompyuta ya kusoma makosa. Malipo yake ni madogo mno kulinganisha na hasara atakayokuepusha nayo.

Soma tarehe ya tairi. Ubavuni zimeandikwa namba nne: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lenye miaka mingi hupasuka hata kama meno yake yangali marefu.

Mwisho, linganisha namba ya chesesi na ya injini na zile zilizo katika kadi ya gari, na uhakikishe jina la mwenye gari katika daftari la serikali. Wasomaji wetu wa polisi wanajua vyema kuliko mwandishi ni magari mangapi mazuri yaliyouzwa rahisi kwa sababu hayakuwa ya muuzaji. Haipendezi hata kidogo mlinzi wa sheria akutwe ndani ya mali ya wizi.

HESABU YA NYUMBA

Sasa turudi mezani, mume na mke, na kalamu mkononi. Bei ya kununua ni kizingiti tu cha mlango. Matunzo ndiyo nyumba yenyewe.

Tuseme gari litatembea kilomita 40 kwa siku, siku 22 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 880. Saluni ya silinda sita mjini ikitumia lita 1 kwa kilomita 9, itakunywa lita 98 kwa mwezi. Saluni ndogo ya kawaida, ikitumia lita 1 kwa kilomita 14, itakunywa lita 63. Tofauti ni lita 35 kwa mwezi, na lita 420 kwa mwaka. Zidisha mwenyewe kwa bei ya kituo chako cha petroli, ukikumbuka kwamba nyingi ya injini hizi za fahari hudai petroli ya oktani 95 au zaidi. Hiyo ndiyo kodi ya mwaka ya kupenda nguvu, hata kabla hakijaharibika kitu.

Kisha oili. Kompyuta za magari ya Kijerumani hukadiria safari ndefu kati ya oili na oili, hata kilomita 25,000. Hesabu hiyo ilifanywa kwa hali ya Ulaya. Kwa foleni na vumbi letu, mwenye busara habadilishi baada ya kilomita 7,000 na zaidi. Hubadilisha kabla ya hapo, kwa oili ya kiwango kilichotajwa katika kitabu cha gari. Magonjwa mengi ya cheni huanzia katika oili iliyozeeka. Na muuzaji akikuambia kwamba oili ya giaboksi ni ya maisha, fahamu kwamba ZF, watengenezaji wa giaboksi nyingi za Kijerumani, wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ushauri wangu ni huu: kwa kila shilingi 5 za kununulia gari, iwepo shilingi 1 pembeni, isiyoguswa, kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza. Ikiwa bei ya gari imemaliza akiba yote, gari hilo ni la ghali kwako hata kama ni la rahisi sokoni.

Lipo jambo jingine linalowahusu askari peke yao. Afande akipelekwa kazini miezi mingi, gari linabaki. Betri hufa, tairi hukaa bapa, na katika E90 betri mpya yafaa iandikishwe katika kompyuta ya gari, si kufungwa tu. Nani atafanya hayo? Ikiwa mke hajaonyeshwa mahali pa kutia maji, hajui fundi wa kuaminika ni nani, wala kadi iko wapi, gari hilo si mali ya nyumba. Ni mzigo ulioachwa mlangoni pake. Amfundishe kabla ya kuondoka, na fedha za matengenezo ziwe mahali ambapo mama anaweza kuzifikia.

JIBU LETU

Kwa swali la mume, jibu ni hili. Ikiwa familia ina kiwanja chake, karo ya mwaka ipo, na ile shilingi moja kwa tano imetengwa, basi kununua saluni ya fahari si dhambi; mtu aliyelala mahandakini anayo haki ya kuketi juu ya kiti laini. Achague kwa safu hii: kwanza Mark X ya lita 2.5, au Lexus IS 250 ikiwa anataka jina. Pili BMW ya injini ya N52, mradi pampu ya maji ibadilishwe mapema na fundi wa kazi hiyo awe karibu. Tatu Mercedes ya daraja la C, baada ya cheni kukaguliwa na fundi asiye wa muuzaji. Ile 320i iliyompendeza sajini, aiache iwapendeze wengine.

Kwa swali la mke, jibu ni fupi zaidi. Gari lenye umri wa miaka 12 leo litakuwa na 18 baada ya miaka 6. Lile la kwanza katika safu yetu laweza kufika huko likitunzwa. Mengine yatafika ikiwa tu kila mwaka yatalishwa fedha kama mtoto wa shule. Kama fedha hizo ndizo za mtoto wa shule hasa, basi mama ameuliza swali lililo zito, na saluni ya kawaida, au kungoja miaka miwili, ndilo jibu la heshima.

Ama yule ambaye bado analipa kodi ya chumba kimoja na anataka gari ili wenzake wamwone akiingia langoni, namshauri aanze na kiwanja. Msala upitao usikufanye uache mbachao. Ardhi haihitaji oili, haichemki mlimani, na ukihamishwa kesho itakungoja pale pale.

Juma lijalo, inshallah, tutazungumza juu ya namna ya kuhifadhi mahindi na maharage yasiliwe na fukusi katika nyumba ndogo za kambini. Hadi hapo, tunzeni mlicho nacho.